Difu ya namba ngapi? Mwongozo kamili kwa mwenye pikapu ya porini inayovuta tela

Kitonga, ule mlima wa Iringa, haimstahi mtu aliyebadilisha matairi akasahau difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Nilijifunza hilo nikiwa na Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 70, injini ya 1HZ, nyuma nimefunga tela lenye kompresa ya kuchimbia visima. Wiki moja kabla nilikuwa nimevua matairi ya 7.50R16 na kuvaa ya inchi 35, kisa tu niliyaona kwenye gari la mwenzangu yakanipendeza. Mlima uleule niliouzoea kwa gia namba mbili huku napiga soga na utingo, siku ile namba mbili ilikoroma, moshi mweusi ukatanda nyuma, mshale wa joto ukaanza kutambaa. Lori la mafuta nililolipita Ruaha Mbuyuni likanipigia honi nilipishe.

Injini ilikuwa ileile, nozeli zilezile, dizeli ya kituo kilekile. Matairi makubwa ndiyo yaliyonipunguzia difu bila fundi yeyote kuigusa.

Mifano yote hapa ni ya gari lile kwa sababu ndilo nililolala chini yake mara nyingi. Hesabu zenyewe ni zilezile kwa Hilux, Patrol au Defender. Unahitaji chaki, futi ya kupimia, jeki, stendi mbili na kikokotoo cha simu.

## Namba ya difu inasema nini

Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoumana: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela (shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi), na kraunwili, ile kubwa inayozungusha hafshafti (shafti za kwenda magurudumuni). Ukigawa meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Meno 41 kwa 10 ni 4.10. Meno 43 kwa 10 ni 4.30. Meno 41 kwa 9 ni 4.556, ambayo madukani inaitwa 4.56. Meno 39 kwa 8 ni 4.875, nayo inaitwa 4.88. Maana yake propela inazunguka mara 4.10, au 4.56, ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

Namba ikiwa kubwa, gurudumu linapata msokoto mwingi zaidi na injini inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule. Namba ikiwa ndogo, injini inatulia barabarani lakini mlimani inabanwa.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawakwambii: difu haiongezi nguvu ya injini hata chembe. Inachofanya ni kuiweka injini kwenye mizunguko ambayo nguvu yake inapatikana. Kama gari lako halina nguvu kwa sababu pampu imechoka au filta ya hewa imejaa vumbi, difu ya 4.88 itakupa gari lisilo na nguvu linalopiga kelele. Anza na sevisi.

## Hatua ya 1: Ijue difu uliyo nayo sasa

Usimwamini aliyekuuzia gari. Haya magari yamepita mikono mingi, na difu ni kitu kinachohamishwa kirahisi kutoka gari bovu kwenda zima. Kibati cha chesisi kina mstari wa giaboksi na ekseli, lakini kibati kinasema gari lilitoka kiwandani na nini. Hakijui yaliyotokea gereji.

Njia ya uhakika ni kuhesabu. Egesha mahali tambarare, weka kabari matairi ya mbele, inua ya nyuma yote mawili na ukalishe ekseli kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Gia iwe huru, handibreki umeachia. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi moja. Sasa mwenzako alishike tairi la upande wa pili lisizunguke hata kidogo, nawe uzungushe la upande wako mizunguko 20 kamili, huku mtu wa tatu akihesabu mizunguko ya propela.

Kwa nini 20? Difu ya kawaida, upande mmoja ukishikwa, mizunguko miwili ya tairi lililo huru ni sawa na mzunguko mmoja wa kraunwili. Kwa hiyo 20 ya tairi ni 10 ya kraunwili. Propela ikizunguka mara 41, una 4.10. Ikizunguka 43, una 4.30. Ukihesabu mzunguko mmoja tu hutaweza kutofautisha hizo mbili, na huo ndio mtego unaowanasa wengi. Kama gari lina difu loki (kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja), hakikisha imefunguliwa, la sivyo mwenzako atavunjwa kiwiko.

Rudia kwa difu ya mbele, hapo ukiwa umefunga loki za magurudumu ya mbele na transfa kesi (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) iko kwenye H2, yaani nguvu inakwenda nyuma tu.

## Hatua ya 2: Pima tairi kwa chaki

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni za tairi lisilo na mzigo. Tairi lililobeba gari linabonyea, na inchi 35 ya kampuni moja si inchi 35 ya nyingine. Jaza upepo unaoutumia safarini, pakia mzigo wako wa kawaida, chora chaki kwenye tairi na chini sakafuni, kisha sukuma gari mbele hadi tairi lizunguke mara tano. Pima umbali, gawa kwa tano. Huo ndio mzingo wako.

Yangu yalitoka hivi: 7.50R16 yalikwenda mita 12.25, yaani mzingo wa mita 2.45. Ya inchi 35 yalikwenda mita 13.50, yaani mita 2.70. Baadaye nilipima na 285/75R16, yakatoa mita 2.54. Haya ya tatu yashike kichwani, tutayarudia.

Tazama sasa nilichojifanyia. 2.45 gawa kwa 2.70, zidisha kwa 4.10, unapata 3.72. Yaani kwa kuvaa matairi ya urembo, gari langu lilianza kujiendesha kama lenye difu ya 3.72. Toyota waliipa V8 ya dizeli ya pikapu hii hii difu ya 3.909, na injini ile ina turbo na toki, yaani msokoto, ya nyutoni mita (Nm) 430 kuanzia mizunguko 1,200 hadi 3,200. Mimi nina 1HZ: silinda sita, cc 4,164, haina turbo, Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Nilikuwa nimeivalisha injini ya kibarua difu ya tajiri.

## Hatua ya 3: Andika kazi yako, usiandike ndoto

Chukua karatasi ujibu maswali manne kwa ukweli. Tela likiwa limejaa lina uzito gani, na gari nalo lina uzito gani? Mwendo wako wa kawaida barabara kuu ni upi? Mlima mbaya zaidi unaoupanda kila mwezi ni upi? Na porini unapita wapi: mchanga, mawe, au udongo mweusi wa mbuga?

Mimi: gari na mafuta na watu wawili tani 2.2, mzigo kwenye bodi kilo 800, tela tani 1.5. Jumla tani 4.5. Mwendo ni 80, kwa sababu kwa uzito huu Tanzania sheria yenyewe ni 80, na vibao vya 50 vijijini vinakula nusu ya safari. Milima ni Kitonga na Sekenke ya Singida. Porini ni mbuga ya Wembere, ile unayokutana nayo ukishuka Sekenke, ambako mvua ikinyesha udongo unashika tairi kama ugali wa moto.

Zingatia kwamba safari zako tisa kati ya kumi zikiwa bila tela, jibu lako litakuwa tofauti na langu. Usichague difu kwa ajili ya safari moja ya mwaka. Na difu yoyote utakayofunga haiongezi uzito unaoruhusiwa kuvuta. Kiwango hicho kinatokana na chesisi, breki na kiungio cha tela, kiko kwenye kitabu cha gari, na kinabaki palepale.

## Hatua ya 4: Hesabu ya barabara tambarare

Fomula ni moja:

Mizunguko ya injini = kasi × 16.67 × difu × gia ÷ mzingo wa tairi

Kasi ni kilomita kwa saa, mzingo ni mita. Ile 16.67 inageuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa dakika, basi. Gia ni uwiano wa gia uliyoingiza. Namba nne kwenye giaboksi nyingi za namna hii ni 1.00. Namba tano nitaihesabu kama 0.85. Yako itazame kwenye kitabu, kwa kuwa giaboksi zimetofautiana miaka na miaka.

Kwa mwendo wa 80:

| Tairi na difu | Namba nne | Namba tano |
|---|---|---|
| 7.50R16, difu 4.10 | 2,230 | 1,900 |
| Inchi 35, difu 4.10 | 2,025 | 1,720 |
| Inchi 35, difu 4.30 | 2,125 | 1,805 |
| Inchi 35, difu 4.56 | 2,250 | 1,910 |
| Inchi 35, difu 4.88 | 2,410 | 2,050 |
| 285/75R16, difu 4.56 | 2,390 | 2,035 |

Angalia mstari wa kwanza. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, namba nne kwa mwendo wa 80 inaangukia karibu kabisa na 2,200, pale toki ya 1HZ inapofikia kilele. Ndiyo maana madereva wa zamani wa mahospitali na miradi ya maji walikuwa wakivuta tela kwa namba nne na kuiacha tano ipumzike. Hawakuwa na fomula, walikuwa na masikio.

Mstari wa pili ndio ugonjwa wangu. Namba tano imeshuka hadi 1,720, na injini isiyo na turbo pale chini haina kitu mfukoni. Ukikutana na kilima kidogo tu unarudi nne, nne nayo iko 2,025, upepo wa mbele ukikupiga unarudi tatu. Siku nzima mkono uko kwenye gia.

Kwa injini isiyo na turbo inayovuta tela, mimi natafuta gia ya safari ikae kati ya 2,000 na 2,500. Dizeli ya turbo inaridhika na chini ya hapo, kwa kuwa toki yake inaanza mapema na kuendelea tambarare. Mwenye turbo ambaye namba zake zinatoka 1,700 asije akanunua 4.88 kwa kuwa tu amesikia watu wakiisifu.

Njia ya mkato ya kurudisha gari lilivyokuwa: difu ya zamani × mzingo mpya ÷ mzingo wa zamani. Kwangu ni 4.10 × 2.70 ÷ 2.45 = 4.52. Hakuna 4.52 dukani, ya karibu ni 4.56. Faida ya pembeni ni kwamba spidomita inayosoma kutoka transfa kesi inarudi kusema kweli. Nikiwa na inchi 35 na 4.10, ilikuwa ikionyesha 80 nami niko 88, na tochi ya trafiki haikubali maelezo ya mzingo wa tairi.

## Hatua ya 5: Hesabu ya mlima

Hapa ndipo watu wengi wanapoacha, na ndipo penye jibu lenyewe. Tambarare inakupa raha, mlima unakupa uamuzi.

Tuseme mlima wa asilimia 8: kila mita 100 unapanda mita 8. Nguvu ya kulivuta gari na tela kwenda juu ni kilo 4,500 × 9.81 × 0.08, kama nyutoni 3,530. Ongeza msuguano wa matairi kwenye lami, kama 660. Ongeza upepo kwa mwendo wa 40, kama 150. Jumla nyutoni 4,340.

Zidisha kwa nusu kipenyo cha tairi upate msokoto unaotakiwa kwenye magurudumu. Nusu kipenyo ni mzingo gawa kwa 6.28: kwa 7.50R16 ni mita 0.39, kwa inchi 35 ni 0.43. Kisha gawa kwa gia × difu × 0.88. Ile 0.88 ni kwa sababu giaboksi, propela na difu zinakula sehemu yao njiani.

Nikichukua namba mbili kuwa 2.3, injini inatakiwa kutoa:

7.50R16 na 4.10: Nm 204.
Inchi 35 na 4.10: Nm 225.
Inchi 35 na 4.56: Nm 202.
Inchi 35 na 4.88: Nm 189.

Injini ina Nm 285, kwa hiyo utasema zote zinapita. Subiri. Injini isiyo na turbo inapoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Ukiwa mita 1,200, zile 285 zimebaki kama 250, na hizo ni za injini mpya. Injini yenye kilomita laki tatu na nusu haina hata hizo. Sasa ile 225 inakuwa asilimia 90 ya uwezo wote, bila akiba ya kuongezea mwendo, bila akiba ya kona, na joto linapanda. Ile 204 ya mwanzo ilikuwa asilimia 82. Tofauti kati ya kupiga soga na kupigiwa honi ilikuwa pale.

Namba tatu, tukiichukua kuwa 1.45, kwenye 7.50R16 na 4.10 inataka Nm 324. Haipo. Haikuwahi kuwepo hata gari likiwa jipya. Usimlaumu fundi kwa namba tatu ya Kitonga.

Sasa weka 285/75R16 na 4.56 kwenye hesabu hiyohiyo. Nusu kipenyo ni 0.404, jibu ni Nm 190. Linganisha na inchi 35 na 4.88: Nm 189. Ni kitu kilekile! Matairi madogo kidogo na difu ya wastani yanavuta sawa na matairi makubwa na difu kubwa, na njiani umeokoa mambo matatu ninayoyaeleza hatua inayofuata. Nilipofika hapa kwenye karatasi ndipo nilipoyauza yale ya inchi 35.

Usisahau kushuka. Difu ya namba kubwa inaisaidia injini kukuzuia mteremkoni, hivyo breki za tela na za gari zinabaki baridi. Ukishuka Sekenke na tani 4.5 kwa namba mbili, asilimia 10 ya uzuiaji wa injini si kitu cha kudharau.

## Hatua ya 6: Chagua kati ya zilizopo

Difu haishonwi kwa kipimo kama suti. Kwa ekseli kubwa ya nyuma ya Land Cruiser namba unazokutana nazo ni 3.70, 3.90, 4.10, 4.30, 4.56, 4.88 na 5.29.

Kadiri namba inavyopanda ndani ya nyumba ileile ya difu, pinioni inakuwa na meno machache. 4.10 ina meno 10, 4.56 ina 9, 4.88 ina 8, 5.29 ina 7 tu. Pinioni ndogo inabeba kazi ileile kwa meno machache, na anayevuta tela ndiye anayeiumiza kuliko anayekwenda matembezi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kubaki 4.56. Ya pili ni kwamba tairi dogo linatoa mkono mfupi wa kuvunja hafshafti na krosi (kiungo cha propela). Ya tatu ni breki: tairi kubwa na zito linataka breki kubwa, na hakuna aliyewahi kuniambia amebadilisha breki alipovaa inchi 35.

Kuhusu 4.30 kwa mwenye 35: usihangaike. Gharama ya kufungua difu mbili ni ileile, na unachopata ni kidogo mno. Ukifungua, fungua kwa ajili ya 4.56 au zaidi.

Kuhusu 5.29: hiyo ni ya mtu mwenye matairi ya inchi 37 na barabara fupi. Mimi sina la kumshauri.

Kama tatizo lako ni porini pekee, mawe na matope, na barabarani gari linakwenda vizuri, basi difu si mahali pa kwanza pa kutazama. Namba moja 4.3 × kigia kidogo cha L4 (fo wili nzito) 2.5 × difu 4.10 ni 44. Ukibadilisha difu kuwa 4.88 unapata 52. Kuna seti za gia za transfa kesi zinazoshusha L4 zaidi ya hapo bila kugusa mwendo wako wa barabarani, na unafungua kitu kimoja badala ya viwili. Kwa anayevuta tela kwenye lami seti hizo hazisaidii, kwa sababu L4 kwenye lami kavu inakaza ekseli mbili zigombane.

Na bado kuna jibu la bei rahisi kuliko yote: rudi kwenye 7.50R16. Linaumiza roho, najua. Lakini kwa pesa ya difu mbili unanunua matairi matano mapya na chenji inabaki.

## Hatua ya 7: Nunua pea, na uihesabu mwenyewe

Gari la 4WD lazima difu ya mbele na ya nyuma zilingane. Ukiacha 4.10 mbele na kufunga 4.56 nyuma, kila nyuma inapotaka kwenda mita 90 mbele inataka kwenda 100. Kwenye matope zitasameheana kwa kuteleza. Kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika, na mara nyingi ni transfa kesi au krosi ya propela. Tofauti ya 4.10 na 4.11 (meno 37 kwa 9) haifiki asilimia 0.3, hiyo inavumilika.

Kosa la kawaida ni kudhani difu mbili ni kitu kimoja. Kwenye pikapu za mfululizo wa 70 kuanzia 1999 difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma na meno yake yamekatwa kinyume. Huwezi kununua mbili za nyuma ukagawa. Mweleze muuzaji chesisi namba, si rangi ya gari.

Ukinunua difu iliyotumika, iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, nenda na tochi na chaki. Hesabu meno ya kraunwili na ya pinioni yote, moja moja, ukianzia jino ulilotia alama. Mara nyingi namba zimechongwa kwenye chuma chenyewe. Mimi niliuziwa pea ya "4.56 mbele na nyuma" na muuzaji mmoja aliyeapa kwa jina la mama yake. Nyuma ilikuwa 41 kwa 9. Mbele ilikuwa 39 kwa 8. Tulikuwa tumeshaifikisha gereji, fundi ameshamwaga oili. "Bosi, hii ukiingiza fo wili utalia," akaniambia. Tukairudisha, ikachukua siku tatu na maneno mengi.

Pia tazama meno kwenye mwanga: kama kuna vishimo vidogo au rangi ya bluu ya kuungua, acha. Na kraunwili na pinioni ni mke na mume, zilisagwa pamoja. Usikubali moja kutoka difu hii na nyingine kutoka ile hata kama idadi ya meno inalingana.

## Hatua ya 8: Siku ya kufunga

Hii si kazi ya kila fundi. Uliza swali moja tu: "Una saa ya kupimia mchezo?" Akisema anapima kwa mkono, mshukuru, ondoka.

Beringi ziwe mpya zote, oili sili mpya, na kile kikola cha pinioni (kibomba cha katikati ya beringi zake) kinachobonyea kiwe kipya, kwa sababu kinabonyezwa mara moja katika maisha yake. Pinioni ikazwe hadi beringi zipate mkazo ulioandikwa kitabuni. Ukipita mkazo huo, huwezi kulegeza nati ukasema umerudi, unatupa kikola na kuanza upya.

Mchezo, yaani nafasi ndogo kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni, kwenye difu kubwa ya nyuma, unatafutwa kati ya milimita 0.15 na 0.20, ukipimwa sehemu kadhaa za mzunguko. Kisha meno yapakwe rangi, yazungushwe, na alama isomwe: iwe katikati ya jino, isikimbilie ncha wala shina. Fundi mzuri atakuita uione. Asipokuita, jiite.

Bolti za kraunwili zikazwe kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya toki. Oili iwe 80W-90 ya GL-5, au ile kitabu kinachotaja.

Kabla ya kulipa, inua gari upya na urudie hesabu ya hatua ya 1, mbele na nyuma. Ni dakika kumi.

## Hatua ya 9: Zoesha kabla ya tela

Safari ya kwanza ni kilomita 25, mwendo wa kawaida, bila mzigo. Rudi, shika nyumba ya difu. Iwe na joto unaloweza kuvumilia kwa mkono kwa muda mfupi, si la kukufanya uruke. Iache ipoe kabisa, ndipo uende tena. Fanya hivyo mara mbili tatu, ukibadilisha mwendo badala ya kushikilia kasi moja.

Sikiliza. Mlio mwembamba ukikanyaga mafuta, au ukiachia, una maana meno hayakukaa sawa. Usisubiri uzoee wenyewe, haunyamazi, unamaliza gia. Mngurumo wa mfululizo usiobadilika ni wa beringi.

Kwa kilomita 800 za mwanzo usifunge tela, hata jirani akikuomba umvutie matofali mtaa wa pili. Zikitimia, mwaga oili ikiwa ya moto. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya plagi ni kawaida ya gia zinazozoeana. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si kawaida, hapo gari linarudi kwa fundi siku hiyohiyo. Kama ni unga tu, pangusa sumaku, jaza oili mpya mbele na nyuma, ndipo ukalifunge tela.